Mgomo usiofuata sheria: anayekataa kuingia analindwa namna gani?

Oktoba 2021, mwaka wa masomo ulifunguliwa tarehe 4, lakini walimu wa majimbo mengi ya Kongo waligoma. Mapatano yalifikiwa Novemba, kule Mbuela Lodge, Kongo-Central. Mgomo kama huo unaacha swali moja, hata kwa watu wa Wamaza, Kasongo na Kabambare: mfanyakazi anayetaka kuendelea na kazi, wenzake wanaweza kumlazimisha aache?

Hapana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika artikle 38, inamwachia kila Mkongomani uhuru wa kuingia katika sendika ao kutoingia. Artikle 39 inatoa haki ya kugoma, lakini kwa masharti ya sheria.

Masharti hayo, kwa wafanyakazi wa makampuni, kama vile ya migodi, yako katika Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kwanza lazima kuwe na ugomvi wa pamoja kati ya wafanyakazi na mwajiri. Kisha pande zote zipatanishwe mbele ya inspekta wa kazi, na ikishindikana, mbele ya tume ya upatanishi. Njia hizo zikiisha bila mapatano, ndipo watu wanaweza kugoma. Basi, si bosi anayeamua peke yake kwamba mgomo ni mbaya: kinachoangaliwa ni kama njia hiyo ilifuatwa.

Kodi hiyo inakataza mtu yeyote kumlazimisha mwenzake agome ao kumzuia asifanye kazi. Tena, kutokuwa mwanachama wa sendika si sababu halali ya kufukuzwa kazi.

Anayegoma kwa kufuata sheria naye analindwa: mkataba wake unasimama kwa muda tu, hauvunjiki. Anayeruka hatua hizo hana kinga hiyo.

Kwa wafanyakazi wa Serikali, Kodi ya Kazi haiwahusu. Wao wanafuata sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumishi wa Serikali, pamoja na Katiba.

Mtu akitishwa juu ya kukataa kugoma, afadhali aandike tarehe, saa na majina ya mashahidi, kisha apeleke malalamiko kwa inspekta wa kazi. Akipigwa, hilo ni kosa la jinai: apeleke mashtaka polisi ao kwa parke.