Malaba na hesabu ya alama: kwa nini matokeo ya shule hutofautiana eneo hadi eneo

KATIKA daraja la mto Malaba, matokeo ya mtihani hayasomwi kwa namna moja. Kuanzia mwaka wa 1985 hadi 2023, mtoto aliyemaliza darasa la nane upande wa Kenya alitarajiwa kuleta nyumbani alama nyingi iwezekanavyo katika mtihani wa KCPE. Binamu yake aliyesomea ng'ambo, wilayani Tororo, alitakiwa kuleta chache. Katika mtihani wa PLE wa Uganda, unaofanywa mwishoni mwa mwaka wa saba, jumla ya 4 ndiyo bora kuliko zote na 36 ndiyo ya mkia. Shangazi anayepokea habari zote mbili kwa siku moja hulazimika kuuliza kwanza mtihani ulifanyiwa upande gani kabla ya kupiga kigelegele.

Kisa hicho kinaweza kuonekana cha kuchekesha, lakini ndicho mlango wa suala ambalo limewasumbua Wakenya tangu nchi ilipojipatia Uhuru. Kwa nini watoto wa eneo moja hupita mtihani na wa eneo jingine huanguka, ilhali silabasi ni moja na serikali ni moja? Na je, orodha ya maeneo bora na maeneo ya mwisho humweleza mzazi lolote la kweli kuhusu shule ya mwanawe?

Yafaa kuanza na alama zenyewe. Wengi waliosoma matokeo ya KCPE hawakufahamu kwamba alama hizo hazikuwa hesabu ya maswali ambayo mtahiniwa alijibu sawasawa. Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) lilizisawazisha, ili wastani wa kila somo nchini uwe 50. Katika miaka ya baadaye masomo yalikuwa matano, hivyo mtahiniwa wa katikati alipata takriban 250. Kwa hivyo alama ya 300 ilieleza mtoto alisimama wapi katika foleni ya wenzake wa mwaka huo, bali si kiasi cha maarifa alichokuwa nacho. Eneo lililopanda lilipanda kwa sababu jingine lilishuka. Taifa zima lingeweza kuzorota au kuendelea, na wastani usitikisike hata kidogo.

Hata hivyo foleni hiyo ilikuwa na uzito. Nafasi katika shule za kitaifa ziligawanywa kwa mgao wa wilaya, kwa hivyo mtoto wa wilaya iliyofanya vibaya aliweza kuitwa shule kubwa kwa alama ambazo zingemwacha nje kama angalisajiliwa kwingine. Mwaka wa 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuzipanga shule na watahiniwa kwa daraja. Mjadala uliozuka wakati huo ulionyesha jinsi orodha hizo zilivyokuwa zimepenya katika siasa, biashara ya shule za kibinafsi na hata mazungumzo ya mazishini.

Nani mwenye mamlaka?

Kenya si shirikisho kama Ujerumani au Nigeria. Iliwahi kuukaribia mfumo huo chini ya Katiba ya majimbo ya 1963, lakini utaratibu huo haukudumu, kwani nchi ilipokuwa Jamhuri mnamo Desemba 1964 mamlaka yalirudi Nairobi. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilirejesha ugatuzi kwa sura nyingine, na kaunti 47 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya sayansi kimu na vya kulelea watoto. Shule za msingi, za sekondari na vyuo vikuu ni za serikali ya kitaifa. Walimu huajiriwa, huhamishwa na kuadhibiwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mitihani ni ya KNEC. Basi mtu anaposema "Kaunti ya Busia imefanya vibaya," anaitaja kaunti kama ramani tu. Gavana hawezi kumhamisha hata mwalimu mmoja wa hisabati kutoka Butula hadi Malaba.

Ujerumani hali ni tofauti, na inafaa kuitazama kidogo. Huko majimbo 16 ndiyo yanayoendesha shule. Mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2000, ambao hupima wanafunzi wa umri wa miaka 15, ulipochambuliwa kwa majimbo, Bavaria ilipata 510 katika kusoma na Bremen 448. Wajerumani walibishana kwa miaka mingi iwapo tofauti hiyo ilitokana na sera za majimbo au na umaskini na idadi ya familia za wahamiaji mijini. Walau walijua mlango wa kubisha, maana waziri wa elimu wa Bremen yupo Bremen. Mzazi wa Malaba akitaka kulalamikia upungufu wa walimu, safari yake huishia Nairobi.

Busia ndani ya Busia

Kaunti ya Busia ilikuwa na watu 893,681 katika sensa ya 2019. Kaskazini kuna Wateso, ambao lugha yao haihusiani hata kidogo na lugha za Kibantu za Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wanyala walio katikati na kusini. Malaba iko Teso Kaskazini. Kusini kabisa kuna Bunyala, ambako mto Nzoia hufurika na kuzigeuza shule kuwa kambi za waliopoteza makao, kama ilivyotokea miaka ya 2003, 2007 na 2011. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine si safari ya siku nzima, lakini mtoto wa Malaba na mtoto wa Budalang'i hawana lugha moja ya nyumbani wala tatizo moja linalowafungia darasa.

Umaskini nao una mipaka yake. Uchunguzi wa serikali wa 2015/16 ulipata kwamba asilimia 69.3 ya wakazi wa Busia waliishi chini ya kiwango cha umaskini, huku kaunti jirani za Bungoma na Kakamega zikiwa karibu na asilimia 36, sawa na wastani wa nchi. Yeyote anayeilinganisha Busia na jirani zake kwa alama pekee bila takwimu hiyo mkononi ni kama anayepima mbio za mtu aliyebeba gunia.

Mpaka wenyewe huleta mzigo mwingine. Mji wa foleni za matrela una kazi za vibarua asubuhi hadi usiku: kubeba mizigo, kuuza chakula kwa madereva, kubadilisha pesa, kuvusha abiria. Neno "bodaboda" lilizaliwa katika mipaka hii, enzi baiskeli zilipovusha watu na vifurushi kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mvulana wa miaka 14 anayeweza kurudi nyumbani na pesa za leo huhitaji sababu nzito ya kungojea cheti cha kesho kutwa.

Maabara ya dunia

Pengine hakuna wilaya ya Afrika ambayo shule zake zimechunguzwa kama za Busia na iliyokuwa Wilaya ya Teso, iliyokatwa kutoka Busia katika miaka ya tisini na kurudishwa ndani ya kaunti moja mwaka wa 2013. Kuanzia katikati ya miaka hiyo ya tisini, mwanauchumi Michael Kremer na wenzake, wakishirikiana na shirika moja la Kiholanzi, walizigawa shule za hapa kwa bahati nasibu. Baadhi zilipewa msaada mara moja na nyingine zikangoja, kisha matokeo yakalinganishwa. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyomletea Kremer Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Walianza na vitabu. Kati ya shule 100, shule 25 zilipelekewa vitabu vya kiada mwaka wa 1996. Kila mtu alidhani alama zitapanda, lakini wastani haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Waliobaki hawakuweza kukisoma kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu. Mwandishi huyu huona kwamba matokeo hayo yalistahili kubandikwa katika kila afisi ya elimu nchini.

Zikafuata dawa za minyoo. Katika shule 75 zenye zaidi ya wanafunzi 30,000, mpango ulioanza mwaka wa 1998 ulipunguza utoro kwa takriban robo. Alama za mtihani hazikubadilika. Kama hadithi ingeishia hapo, wapenda orodha wangesema dawa hazikufaa kitu. Lakini watafiti waliendelea kuwafuatilia wanafunzi hao kwa miaka 20, na ripoti iliyochapishwa mwaka wa 2021 ikaonyesha kwamba waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa walikuwa na mapato ya kila saa yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 13 hivi. Mtihani haukuwa umeliona jambo hilo.

Kwa suala la tofauti za maeneo, jaribio lenye funzo kubwa ni la udhamini wa wasichana, mwaka wa 2001 na 2002. Wasichana wa darasa la sita waliokuwa katika asilimia 15 ya juu ya shule zilizoshiriki katika wilaya yao waliahidiwa kulipiwa karo ya Sh500 kwa mwaka, familia zao kupewa Sh1,000 za sare na vifaa, na majina yao kutangazwa mbele ya wazazi. Busia matokeo yalikuwa mazuri kupita matarajio. Alama za wasichana zilipanda, walimu wakahudhuria zaidi, na hata wavulana, ambao hawakuahidiwa chochote, waliimarika.

Teso, mpango ule ule, pesa zile zile, mambo yalikwenda kombo. Mnamo Juni 2001 radi ilipiga shule moja ya msingi huko na kuwaua wanafunzi saba. Shule hiyo haikuwa katika mpango wa udhamini, ila shirika lile lilikuwa limewahi kuisaidia kwa njia nyingine, na kwa sadfa baadhi ya marehemu walikuwa na majina sawa na ya wafanyakazi wa shirika waliokuwa wameizuru. Minong'ono ikaenea. Baadhi ya shule zikajiondoa, na matokeo ya Teso hayakuonyesha faida ya kutegemewa. Majaribio ya kisayansi yalikuwa yamezingatia karibu kila kitu isipokuwa imani ya wazazi, na imani hiyo haigawanywi kwa bahati nasibu.

Ng'ambo ya mto

Tofauti kati ya kingo za mto Malaba ni ya aina nyingine, kwa kuwa hapo serikali zenyewe ni mbili. Mpaka huu ni zao la mwaka wa 1902, Waingereza walipolihamisha eneo lililoitwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wateso wakajikuta pande mbili, na baadaye chini ya mitaala miwili. Uganda iliondoa karo ya msingi mwaka wa 1997 na Kenya mnamo Januari 2003. Kenya iliacha mtihani wa kidato cha sita mwishoni mwa miaka ya themanini, Uganda ikaendelea nao, na hadi leo wapo wazazi wa Kenya wanaowavusha watoto kwa ajili hiyo.

Kipimo cha SACMEQ cha mwaka wa 2007, kilichofanywa na wanafunzi wa darasa la sita katika mifumo 15 ya elimu ya kusini na mashariki mwa Afrika, kiliipa Kenya 543 katika kusoma na 557 katika hisabati. Uganda ilipata 479 na 482. Tanzania Bara, ambako watoto hufundishwa na kupimwa kwa Kiswahili, ilipata 578 katika kusoma. Msomaji na akumbuke vitabu vya Kiingereza vya Busia.

Kisha ukaja ugonjwa wa Covid-19. Nchi zote mbili zilifunga shule Machi 2020. Kenya ilizifungua kwa madarasa yote Januari 4, 2021. Uganda ilirudisha wanafunzi kwa zamu, ikafunga tena, na haikufungua kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Watoto wa madarasa ya chini upande wa Tororo walikaa karibu miaka miwili bila shule ya kawaida, huku jamaa zao wa Malaba wakipita na mikoba yao kila asubuhi mita chache kutoka hapo. Serikali moja ilitia saini amri na nyingine ikatia saini amri tofauti. Mvua, lugha ya nyumbani na bei ya mahindi zilikuwa zile zile.

Mfumo mpya

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa kukamilika mwaka wa 2027. Mahali pake pana KPSEA ya gredi ya sita, iliyoanza 2022 na ambayo haimzuii mtoto kuendelea, na KJSEA ya gredi ya tisa, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025. Majina yamebadilika, lakini mwajiri wa walimu bado ni TSC na mtahini bado ni KNEC.

Kilicho mikononi mwa kaunti ni chekechea. Kwa hesabu ya kura hiyo ni sehemu ndogo, maana hakuna anayetangaza matokeo ya watoto wa miaka minne, na gavana hapigiwi picha akimbeba kwa shangwe mtoto aliyejua herufi. Lakini mtoto wa Malaba aliyeshindwa na kitabu cha darasa la tatu alianza kuachwa nyuma katika chumba kile, ambacho mwalimu wake, madawati yake na uji wake wa saa nne hupangiwa bajeti mjini Busia.