Sanduku la Idi na Mifunguo Yake

 

Muda si mrefu, inshaallah, utasikia takbira, na kila nyumba kuanzia Likoni hadi Vanga itaanza pilikapilika. Kanzu iko wapi? Kofia nani kaichukua? Ile leso ya mama imewekwa wapi? Ukitahamaki, kanzu uliyoinunua mwaka jana ina madoa ya kuvu mgongoni, na kofia mende wamekwisha kula upande. Basi mbio dukani, pesa za futari zinakatwa kwa nguo mpya. Hebu leo tuulizane: wazee wetu wa Diani, Gazi na Msambweni, ambao hawakuwa na kabati wala pasi ya umeme, waliwezaje kuvaa vazi lile lile la Idi mwaka hadi mwaka likawa bado linang'aa?

VAZI LA IDI LILITOKA WAPI

Kuvaa vizuri siku ya Idi si mambo ya juzi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Sayyidna Umar (r.a.) aliliona joho la hariri sokoni akamshauri Mtume (s.a.w.) alinunue ajipambe nalo kwa Idi na kwa kupokea wageni. Mtume (s.a.w.) alilikataa kwa sababu ya hariri. Wanavyuoni wanatuambia kuwa kujipamba kwenyewe hakukukatazwa. Na katika Suratul-A'raf, amri ya kuchukua mapambo yetu kwenye kila msikiti imefuatana na katazo la israfu. Kwa hiyo pendeza, lakini usifuje.

Huku kwetu Kusini, misikiti ya mawe kama ule wa Kongo pale Diani ni ya karne nyingi. Lakini kwa Wadigo walio wengi, Uislamu ulienea sana tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na pamoja nao kanzu na kofia vikawa vazi la Ijumaa na la Idi.

Nguo zenyewe zilitoka mbali. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na meli za kutoka mji wa Salem zikaleta kile kitambaa kizito cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi. Leso nayo jina lake ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi. Kina mama wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa vimeungana, wakavikata na kuvishona upya mpaka vikawa nguo moja pana ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapishwa. Mjini Mombasa, leso za Kaderdina Hajee Essak, zile za "Mali ya Abdulla", zikawa maarufu pwani nzima. Mtu wa Msambweni alivuka feri kwenda kuzitafuta Biashara Street.

Nguo iliyosafiri namna hiyo na kununuliwa kwa jasho la minazi na korosho haikutupwa ovyo kwenye kamba. Ilitiwa sandukuni.

SANDUKU LENYEWE

Masanduku makubwa ya mbao yenye misumari na mabamba ya shaba, ambayo leo watalii wanayanunua kama mapambo, mengi yao yalitoka India: Surat, Bombay na pwani ya Malabar. Yalikuja na majahazi wakati wa kaskazi. Mara nyingi ni mti wa msaji, mbao ngumu yenye mafuta ambayo mchwa hawaipendi. Ndani, upande mmoja, mna kisanduku kidogo cha vitu vya thamani, na chini mna miguu ili mbao isigusane na sakafu yenye unyevu.

Si kila mtu aliweza kulinunua. Wengine walikuwa na kikapu cha miyaa chenye kifuniko, na katika karne ya 20 likaenea sanduku la bati, lile lile ambalo wengi wetu tulipelekwa nalo bweni. Bati lina aibu yake: hewa ya chumvi ya baharini hulila, na kutu yake ikishaingia kwenye kanzu nyeupe haitoki. Ndiyo maana chini ya sanduku la bati hutandikwa kitambaa kikuukuu, nalo likawekwa juu ya matofali, mbali na ukuta.

Nguo zilifukizwa kwanza. Chetezo kiliwekwa chini, tenga likafunikwa juu yake, nguo ikatandazwa juu ya tenga mpaka imeshika udi. Kati ya mikunjo yakatiwa mkadi, asumini iliyokauka, karafuu, na wengine majani makavu ya mwarobaini.

SIRI ILIKUWA KUFUNGUA

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Sisi tunadhani harufu ndiyo iliyolinda nguo. Harufu ilisaidia, lakini udi haukuwa sumu ya kuua nondo. Kilicholinda nguo ni kwamba sanduku lilikuwa likifunguliwa.

Tazama majina ya miezi yetu ya Kiswahili. Mfunguo Mosi ni Idi ya kwanza, sanduku linafunguliwa. Siku kama 70 baadaye, Mfunguo Tatu, ni Idi ya kuchinja, linafunguliwa tena. Mfunguo Sita ni Maulidi, kanzu zinatoka, na matari yanatunguliwa ukutani. Kila mara nguo zilipigwa jua, zikakung'utwa, zikakunjwa upya. Nondo hupenda giza na utulivu, kuvu hupenda unyevu uliotulia. Nguo isiyotulia haiwapi nafasi.

Na kwa kuwa mwezi wetu wa kuandama hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kazi hii hubadilika na majira. Miaka ya 2023 hadi 2025, Idi ya kwanza iliangukia Aprili na mwisho wa Machi, mlangoni mwa masika. Ukitia kabatini nguo yenye jasho wakati huo, umewaandalia kuvu karamu.

VIDONGE VYEUPE: HATARI KWA WATOTO

Siku hizi tumeacha kufungua, tukaweka badala yake vile vidonge vyeupe vya duara, naftalini. Hutengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe au kwa mafuta ya petroli, na mvuke wake ni sumu kwa wadudu. Tatizo ni kwamba mvuke huo hauchagui.

Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kitu kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu ni mwingi katika sehemu zenye historia ndefu ya malaria, na pwani yetu imo. Huwapata zaidi wavulana. Mtoto kama huyo akivishwa nguo iliyolazwa na naftalini, chembe zake za damu zinaweza kupasuka kwa wingi. Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki waliandika juu ya watoto wachanga waliopatwa na hali hiyo kwa kuvuta tu mvuke huo. Na mafuta tunayompaka mtoto huifanya sumu ipenye ngozi kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo, mama, ikiwa kanzu ya kwanza ya mwanao au shuka lake lilikaa na vidonge hivyo, usimvishe wala usimfunike nalo. Ukiona macho yake yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au amelegea na kupauka, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie habari ya vidonge. Wakubwa zake nao huvidhania peremende. Kafuri pia, ingawa tunaijua kwa kuoshea maiti, ni sumu ikimezwa. Iweke juu wasikofika.

TUFANYE NINI BAADA YA IDI

Usilaze nguo na jasho wala mafuta ya pilau, fua kwanza. Usitie kanji kabla ya kuweka, kwani mende huifuata. Kanji itiwe karibu na kuvaa. Kausha mpaka ndani ya mishono, kisha acha nguo ipoe kivulini kabla ya kukunja. Darizi ya kanzu ikunjiwe ndani. Kofia ivikwe juu ya kopo safi, ifunikwe kitambaa cha pamba. Mifuko ya plastiki waachie wengine, maana inafungia unyevu ndani. Twari litundikwe mbali na ukuta wenye unyevu. Taa za rangi za Ramadhani zikaushwe, na waya uliochubuka usirudishwe dukani wala kabatini: utupwe. Kisha andika kwenye kalenda Mfunguo Tatu na Mfunguo Sita, siku za kufungua.

Vijana, kazi hii tusiwaachie mama zetu peke yao. Mkifungua sanduku pamoja, muulizeni bibi kila leso ilinunuliwa lini na kwa shughuli gani. Na nguo ambayo haikutoshi tena, itoe ikiwa bado safi, kabla ya Idi, ili mwenzako naye aamke ana la kuvaa.

Allah atutakabalie saumu zetu na atujaalie Idi ya kheri. Amin. Wabillahi tawfiq.