Utani: Jinsi Wazee Walivyowakutanisha Wageni

Watu mia tatu wanaweza kukaa chini ya paa moja kutwa nzima, wakala pamoja na kupiga makofi pamoja, kisha kila mmoja akarudi kwake bila kumfahamu hata mgeni mmoja. Kukusanyika si kujuana. Wazee wetu walilifahamu jambo hili, na walikuwa na dawa yake. Dawa hiyo iliitwa utani.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu mjukuu wangu mmoja, ambaye kazi yake ni kutunga programu za simu, aliniuliza swali lililonipa kazi ya kufikiri. Yeye na wenzake wanatengeneza programu ya mikutano mikubwa. Mtu akijiandikisha, simu yake itampendekezea watu anaofaa kuonana nao miongoni mwa waliohudhuria. Alitaka kujua sisi wa zamani tulifanyaje bila simu. Nilimjibu kwa ufupi. Hapa nataka kueleza kwa utaratibu zaidi, maana naona vijana wengi siku hizi wanadhani utani ni mzaha tu.

Utani ni mkataba. Upo baina ya babu na mjukuu, baina ya mashemeji, baina ya koo, na baina ya makabila. Huku kwetu Mbesa, wilayani Tunduru, na kote upande wa Masasi, utani mwingi ulikwenda kwa koo. Myao ana ukoo wake anaouita lukosyo, na Mmakua anauita wake nihimo. Mgeni akifika penye shughuli, akiisha kusalimia, huulizwa ukoo wake. Jibu hilo moja lilitosha kuonyesha nani amkaribishe kama ndugu, na nani amkaribishe kwa matusi. Mwaka 1937 T. V. Scrivenor aliandika juu ya utani wa koo za Masasi katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1941 R. E. Moreau akaeleza katika jarida hilo hilo utani wa makabila ya Tanganyika.

Je, mambo haya yalikua kutokana na nini? Sehemu kubwa, kutokana na safari na vita. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita nchi hii ya kusini kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Livingstone alipita kando ya Ruvuma mwaka 1866 hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao, huko Mwembe. Mpagazi aliyeugua njiani alikuwa mikononi mwa watu asiowajua. Alihitaji maji, moto, na akifa, kaburi. Ama kuhusu vita, Wangoni wa Songea na Wahehe walipigana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo Mngoni na Mhehe ni watani. Mahali palipomwagika damu pakawekwa maneno makali yasiyojibiwa kwa mkuki.

Kisha yakaja mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kama SILABU, na watu wa mkoa wetu walikwenda kwa wingi Tanga na kwingineko. Fikiri, msomaji, juu ya kijana anayefia kambini, mamia ya maili kutoka kwao, hana baba wala mjomba karibu. Nani atamchimbia kaburi? Mtani wake. Tena mtani huyo huyo ndiye aliyeruhusiwa kuigiza mwendo wa marehemu, kujilaza kaburini na kudai alipwe kwanza, hata waliolia wakacheka. Hapo ndipo unapoona kuwa utani haukuwa mchezo. Aliyekutukana ukiwa hai alikuwa na wajibu wa kukusitiri ukiisha kufa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, miaka ya mwanzo ya sabini, tulitoka karibu mikoa yote. Jioni ya kwanza hatukufahamiana. Baada ya siku mbili au tatu watani walikwisha kujuana, na mabweni yalijaa kelele. Wapole na waoga nao walivutwa ndani, kwa sababu mtani hasubiri uanze wewe.

Sasa tuitazame mashine. Mwaka 1992 wataalamu wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, walieleza mtambo uitwao Tapestry, uliowasaidia watu kuchagua barua za kompyuta za kusoma kwa kutazama maoni ya wenzao. Mwaka 2008 Facebook ilianza kuwapendekezea watu wale ambao huenda wanawafahamu. Kwa kawaida mitambo ya aina hii hutazama umechagua nini, na marafiki zako ni akina nani, kisha hukuletea wanaofanana nawe. Mwalimu atapelekwa kwa mwalimu, na mwenye fedha kwa mwenye fedha.

Hapo naona pungufu mbili. Ya kwanza, wanaofanana nawe wanajua unayoyajua. Mmarekani Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 juu ya watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu. Ni asilimia 16.7 tu walioambiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye angalau mara mbili kwa wiki. Waliobaki waliambiwa na watu waliokuwa wakionana nao kwa nadra zaidi. Utani ulilitambua jambo hili kwa njia yake, maana ulikuunganisha na mtu wa upande wa pili, hata mjukuu wa adui wa babu yako.

Ya pili, mashine humjua mtu kwa kumbukumbu zake. Mgeni kabisa, asiye na kumbukumbu yoyote humo, huachwa pembeni au hupelekwa kwa wale mashuhuri ambao kila mtu amepelekwa kwao. Utani ulikuwa kinyume. Yule asiyejulikana na mtu ndiye uliomhudumia kwanza.

Hata hivyo sisemi turudishe kila kitu. Utani ulitumia kabila na ukoo kama ufunguo, na ufunguo huo una hatari. Nchi yetu iliuliza kabila katika sensa ya mwaka 1967, kisha ikaacha, na nadhani ilifanya vyema. Tena tangu mwaka 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; si kila kitu cha mtu ni halali kuulizwa na kuhifadhiwa. Aidha, matusi ya watani yaliwaumiza baadhi ya watu, hasa wageni wasiojua kanuni zake.

Lakini utani wenyewe umekwisha kutuonyesha kwamba unaweza kuishi bila kabila. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mashabiki wao huitwa watani wa jadi. Mchagga na Mmakonde wanakaa upande mmoja na kumtania jirani yao wa upande wa pili. Akifiwa, wanakwenda msibani.

Kwa hiyo nilimshauri mjukuu wangu hivi. Usiulize kabila. Uliza mambo mawili: mtu huyu amekuja kutafuta nini, na anaweza kumsaidia mwenzake kwa lipi. Nusu ya majina unayompa yawe ya watu wasiofanana naye. Aliyefika kwa mara ya kwanza apewe wenyeji kabla ya mkubwa yeyote kuongezewa wageni. Na kila anayependekezwa awe na wajibu mdogo ulio wazi: kumkaribisha mwenzake chakula, au kumwonyesha mlango wa kuingilia. Jina peke yake halimsaidii mgeni.

Aliniuliza atajuaje kama programu yake imefaulu. Nilimwambia asihesabu mara ngapi watu wamebonyeza simu zao. Baada ya mwezi mmoja amtafute yule aliyefika mkutanoni bila kujuana na mtu yeyote, amwulize: ukipata shida leo, kati ya wale wote utamwita nani? Akitaja jina moja, kazi imefanyika.