Uvimbe wa Taya: Safari ya Kutoka Mulago Hadi Ndani ya Seli

Mazungumzo ya leo yanatokana na swali la mama mmoja wa mtaani. Mwanawe wa miaka 6 alirudi kutoka kwa nyanya yake Nyanza akiwa na shavu lililovimba. Hospitalini wakasema ni saratani iitwayo Burkitt. Jamaa za mume wakasema ni damu mbaya ya kwao huyo mama. Akaniuliza, "Sista, ni kweli mimi ndiye niliyempa?"

Jibu lake linaanzia Kampala, mwaka wa 1957. Katika Hospitali ya Mulago, Dkt. Hugh Trowell alimwita mwenzake Dkt. Denis Burkitt amwangalie mtoto aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, na jicho lake moja lilipotea tangu utotoni. Hakuelewa anachokiona. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Hilo jicho moja lilitazama vizuri kuliko mengi mawili! Mwaka wa 1958 aliuandikia ugonjwa huo makala.

Mnamo Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda kusini kwa majuma 10, karibu kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mnauona uvimbe huu? Palipokuwa na joto na mvua, ulionekana. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, haukuonekana sana. Ramani yao ilifanana na ya malaria. Hapa Kenya hupatikana zaidi upande wa Ziwa Victoria na Pwani, na nyote mnajua ni watoto wangapi wa Eastlands wanaopelekwa huko likizo zikifika.

Vipande vya uvimbe kutoka Uganda vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka wa 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Lakini virusi hivyo karibu kila mtu mzima anavyo, hupitia kwenye mate. Mbona basi mtoto mmoja augue na mia wasiugue?

Hapa Nairobi, katika Hospitali ya Kenyatta, Dkt. Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto hao kwa dawa, na akituma vipande vya uvimbe kwa Georg Klein, Stockholm. Uswidi ndiko jibu lilikopatikana, ndani ya kiini cha seli.

Tuliza moyo mama, si jambo gumu. Mwili umejengwa kwa seli ndogo mno, na nyingi zina kiini katikati. Ndani ya kiini kuna uzi uitwao DNA, wenye maagizo yote ya mwili. Uzi wa seli moja ukinyooshwa hufika karibu mita 2. Unatoshaje? Unazungushwa kwenye vijidonge vya protini, kama uzi wa cherehani kwenye bobini, kisha unakunjwa tena na tena. Uzi huo umegawanyika vipande 46 viitwavyo kromosomu, 23 vya mama na 23 vya baba. Palipokazwa sana hapasomeki, agizo linanyamaza. Palipolegezwa panasomwa.

Mwaka wa 1972 Manolov na Manolova waliona kwamba katika seli za Burkitt, kromosomu ya 14 imerefuka. Mwaka wa 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha nyongeza hiyo imekatika kutoka kromosomu ya 8. Mwaka wa 1982 ikajulikana kilichohama: agizo liitwalo MYC, linaloiambia seli igawanyike. Katika seli za kinga, sehemu ile ya kromosomu ya 14 huwa wazi, inasomwa kutwa kucha, maana ndiyo inayotengeneza silaha za mwili. MYC ikiangukia hapo, nayo husomwa bila kukoma. Malaria ya mara kwa mara huzichokoza seli hizo zigawanyike na kukata uzi wao ovyo, na nafasi ya kosa huongezeka.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama: uzi ulikatika katika seli moja ya mtoto, baada ya kuzaliwa. Haukutoka tumboni mwako, wala kwa baba yake, wala si laana. Alilia, kisha akaniomba nikayaseme hayo mbele ya mama mkwe. Nikaenda.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Ukiona taya au shavu linavimba, meno yanalegea kabla ya wakati, jicho linasukumwa nje, au tumbo linajaa upesi, usimng'oe mtoto jino na kungoja. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Ni mojawapo ya saratani zinazosikia dawa haraka, na Clifford na Burkitt waliwaona watoto wakipona kwa dawa tangu miaka ya 1960. Na mtoto akienda kwa nyanya likizo, mfungashie neti yake.