Kauli ya Kutendwa Endelevu katika Kihispania: Mwigo au Urithi?

Aghalabu hudaiwa kwamba Kihispania kinaposema *la casa está siendo construida*, yaani 'nyumba inajengwa wakati huu', huwa kinaiga Kiingereza. Wapo wanasarufi wa karne ya 20 waliolikemea umbo hilo kwa hoja hiyo. Historia haiwaungi mkono kikamilifu.

Kilatini kilitumia neno moja tu, *aedificatur*, sawa na kiambishi -w- kinavyotutosha sisi. Kihispania, mzawa wa Kilatini, kilipoteza mnyambuliko huo. Antonio de Nebrija, katika sarufi ya Kikastilia aliyoichapisha mwaka 1492, alikwisha kuona kwamba vitenzi vya lugha yake havina kauli ya kutendwa, na kwamba wasemaji hulazimika kuizunguka kwa kutumia *ser*. Mzunguko huo ulizua tatizo jingine. *Ser* na *estar* zote hufasiriwa 'kuwa', ila *estar* inatokana na kitenzi cha Kilatini cha 'kusimama'. *La casa está construida* hudokeza matokeo: fundi amekwisha kwenda zake. *La casa es construida* hutaja tendo, lakini haitujuzi kama fundi angali kazini. Kuunganisha *estar* na *siendo* kulijaza pengo hilo, na viungo vyote viwili ni vya nyumbani: *estar* ilikwisha kuandamana na vitenzi vya hali endelevu tangu Enzi za Kati.

Isitoshe, huyo anayedaiwa kuigwa alikuwa mgeni vilevile. Umbo la Kiingereza lilijitokeza mwishoni mwa karne ya 18; awali Waingereza walisema, neno kwa neno, 'nyumba inajenga'! Katika karne ya 19 walikuwapo waliolishutumu umbo jipya kuwa baya.

Hata hivyo, yafaa tukiri kwamba Mhispania hupendelea *se está construyendo la casa*, na hapa ndipo mhakiki anapopaswa kutua. Muundo wa *se* kwa kawaida humfungia mlango mtendaji. Ule wa *estar siendo* humfungulia kwa *por*. *Se está torturando al preso* ni mateso yasiyo na mkono. *El preso está siendo torturado por los guardias* huwataja askari. Mwandishi anayesimulia udikteta huchagua baina ya hayo mawili, na mfasiri wa Kiswahili anayepitia Kiingereza huenda akaukuta uteuzi huo umekwisha kufutwa. 'Mfungwa anateswa' ni tafsiri sahihi ya sentensi ya kwanza. Ya pili hudai 'na askari', hata pale ambapo mdundo wa sentensi ungemshawishi mfasiri kuiacha.