Upinde Nilioukata Vipande

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi huku kusini, nilimkamata mwanafunzi wa darasa la tano akiwa na upinde na mishale mitatu nyuma ya ghala la shule. Nilimchapa viboko viwili, kisha nikaukata upinde wake vipande kwa panga mbele ya wenzake, nikiwaambia kuwa taifa linalojenga ujamaa halina haja ya vitu vya porini. Viboko hakuvililia. Alilia panga liliposhuka, kwani upinde ule alichongewa na babu yake wa Lionja.

Wiki hiyo hiyo niliwasimulia darasa vita vya Agincourt vya mwaka 1415, jinsi wapiga mishale wa Mfalme Henry wa Tano walivyowaangusha mashujaa wa Ufaransa waliovaa chuma mwili mzima. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni nikayapenda. Niliwaeleza hata amri ya mwaka 1363 iliyowalazimisha wanaume wa Uingereza kujizoeza upinde siku za sikukuu. Mwenye upinde uliokatwa alikaa dawati la nyuma akinisikiliza.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu na maktaba i mikononi mwangu, ndipo nilipokutana na habari za Waata wa Tsavo, ambao wengine huwaita Waliangulu. Hao walikuwa wawindaji wa ndovu kwa miguu, na pinde zao zilihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi kuzivuta. Ni sawa na pinde za Waingereza zilizotolewa baharini katika jahazi la Mary Rose, lililozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Jirani yetu wa Kenya alikuwa na chombo kile kile nilichokisifu darasani. Tofauti ni kwamba yeye, katika msako mkubwa wa miaka ya 1950, alitiwa gerezani kwa kukitumia.

Nilisoma pia habari za Mmarekani Edward Morse, aliyefundisha elimu ya wanyama Tokyo kuanzia mwaka 1877. Alipopiga mishale pamoja na rafiki yake Mjapani aliona kuwa vidole vyao havifanyi kazi namna moja, na mwaka 1885 akatoa maandishi juu ya namna mataifa yanavyouachia mshale. Watu wa Ulaya huvuta ugwe kwa ncha za vidole viwili au vitatu. Wamongolia na Waturuki huuvuta kwa kidole gumba kilichovishwa pete ya pembe, mfupa au jiwe. Namna ya tatu ni kuubana mkia wa mshale kati ya gumba na kidole cha shahada, na vijana wetu nimewaona wakifanya hivyo. Morse aliiita hii namna ya awali, kana kwamba anayeitumia bado yu mtoto. Sikubaliani naye. Kwa upinde mwepesi, na kanga akiwa hatua kumi na tano, unahitaji nini zaidi?

Mmongolia alipiga akiwa juu ya farasi, kwa hiyo upinde wake ulikuwa mfupi, umeunganishwa kwa pembe, mti na kano kwa gundi. Katika masika yetu gundi ile ingelegea, na farasi wake angeuawa na mbung'o kabla hajafika mbali. Mwindaji wa miombo alikwenda kwa miguu, akanyatia, akapiga kwa karibu; upinde wake ni mti mmoja tu, na kazi iliyobaki aliiachia sumu.

Sumu hiyo ina kisa chake. Daktari John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika msafara wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, aliweka mswaki wake mfuko mmoja na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipopiga mswaki aliona uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua kasi. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza, na ikawa dawa ya moyo katika hospitali za Ulaya. Kirk ndiye yule yule aliyekuwa Balozi wa Uingereza Unguja soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Wazee walioijua kombe kabla yake hawakuandikwa majina.

Huku kwetu amri ya uwindaji ya Gavana von Wissmann ilitoka mwaka 1896. Baada ya Maji Maji watu wa kusini walitakiwa kusalimisha silaha. Sheria zilifuatana, hata ikaja ile ya wanyamapori ya mwaka ule ule wa 1974. Sisemi kuwa sheria hizo zote zilikuwa mbaya, ndovu wangekwisha. Lakini mimi sikumkamata jangili. Nilimkamata mtoto na mishale mitatu ya kupigia ndege.

Nilipostaafu nilikwenda Lionja kumtafuta babu yule. Alikuwa amefariki zamani. Nilimkuta mdogo wake, mzee sana, amekaa chini ya mkorosho. Nikampa shikamoo, nikamweleza nilichotenda, nikamwomba anichongee upinde kama ule, nami nitamlipa. Alinyamaza, akatazama panga lililokuwa kando yake.

"Mwalimu," aliniuliza, "kibali unacho?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.