Tangi la samaki: Maji yakomae kwanza, samaki baadaye

WENGI wanaoanza kufuga samaki wa mapambo nyumbani hununua tangi na samaki siku moja. Jioni hiyo hulijaza maji ya mfereji, wakatia samaki, na familia nzima ikaketi kutazama. Siku chache baadaye, watoto huamka na kuwakuta samaki wakielea, matumbo juu.

Aghalabu lawama humwendea mwuzaji. Hata hivyo, mara nyingi kiini cha vifo hivyo si ugonjwa bali ni tangi ambalo halijakomaa. Maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na sumu ya kumwua samaki.

Sumu hiyo ni amonia. Samaki huitoa mwilini kupitia matamvua yake, nayo mabaki ya chakula huizalisha yanapooza. Katika ziwa, amonia hutawanyika katika maji mengi; katika tangi la lita chache haina pa kwenda.

Wanaomwokoa samaki ni bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Hii nayo ni sumu, kwani huifanya damu ya samaki ishindwe kusafirisha oksijeni, naye akawa anatweta juu ya maji. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha maji.

Katika tangi jipya bakteria hao ni wachache mno. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Hiyo ndiyo sababu ya kungoja.

Mahali na vifaa

Chagua meza imara iliyo sawasawa. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Hivyo tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hubeba maji ya kilo 54, mbali na kioo na changarawe. Liepushe na jua la dirishani, ambalo huotesha mwani na kupandisha joto.

Osha tangi na changarawe kwa maji matupu. Usitumie sabuni, kwani mabaki yake hudhuru samaki. Usichote mchanga wa baharini pia, kwa kuwa chumvi na vipande vya matumbawe hubadilisha maji.

Samaki wengi wa nchi za joto huhitaji maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Mjini Nairobi, ambako usiku wa Julai huwa na baridi kali, hita na kipimajoto ni vya lazima. Mjini Mombasa, maji huweza kubaki na joto la kutosha bila hita.

Jihadhari na umeme. Acha waya uning'inie chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili matone ya maji yasiifikie. Usiwashe hita ikiwa nje ya maji, na chomoa vifaa vyote kabla ya kutia mkono ndani ya tangi.

Kuyakomaza maji

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua viini, nayo huua pia bakteria unaowahitaji na kuunguza matamvua ya samaki. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Kuyaacha maji wazi kwa saa 24 huondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi ile iliyochanganywa na amonia.

Washa chujio na hita, kisha tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku. Chakula hicho kitaoza na kutoa amonia ya kuwalisha bakteria. Chujio lisizimwe usiku, kwani bakteria wengi huishi ndani ya sponji yake na huhitaji maji yenye oksijeni.

Iwapo una rafiki mwenye tangi lililokomaa na lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake. Kisafirishe kikiwa na unyevu. Huweza kufupisha muda huo kwa wiki kadhaa.

Pima maji kila baada ya siku mbili au tatu kwa dawa za kupimia. Amonia hupanda kwanza, kisha hushuka nitriti ikipanda. Tangi huwa tayari amonia na nitriti zote zinapofikia sufuri siku kadhaa mfululizo, huku nitrati ikionekana, ingawa bado unatia chakula.

Kuwaingiza samaki

Badilisha sehemu ya maji ili kupunguza nitrati, kisha anza na samaki wawili au watatu wadogo. Elekeza mfuko wao juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, uongeze maji ya tangi humo kidogo kidogo, ndipo uwatoe kwa wavu. Subiri wiki moja au mbili na upime tena kabla ya kuongeza wengine.

Baadaye, badilisha takriban robo ya maji kila wiki. Sponji ikiziba, isuuze katika maji uliyotoa kwenye tangi, kamwe si chini ya mfereji. Anayeiosha kwa maji ya klorini huwaua bakteria aliowangoja na kurudi alikoanzia.

Tangi lisilo na samaki kwa wiki sita huenda likawachosha watoto. Waeleze kwamba ndani yake mna viumbe wasioonekana wanaotayarisha makao, na uwape kazi ya kupima maji. Watakapowaona samaki hao wakiogelea mwezi wa pili na wa tatu, watafahamu walichokuwa wakingojea.